Kalkuleta Isiyoruhusiwa

Kwenye karatasi ya Hisabati ya KCSE kuna agizo ambalo kila mtahiniwa amelisoma: kalkuleta iwe isiyotoa sauti na isiyopokea programu. Sisi tulibeba zile za kawaida, tukafanya mtihani, tukaenda zetu. Kalkuleta ilikuwa kitu cha kukujibu, si cha kutuma.

Nilikuja kushika ile nyingine baada ya kuacha uinjinia mwaka wa pili, karo ilipowashinda wazazi. Binamu yangu alirudi kutoka Marekani na TI-83 Plus yake ya shule. Kule watoto waliingia nayo hata kwenye mtihani wa SAT. Ni mashine ya 1999, chipu yake ni Z80 ya megahezi 6, na ina katundu ka waya. Kupitia hapo, amri ya Send( hutoa namba nje.

Lakini namba haisukumi gurudumu. Kwa hivyo katikati nikaweka bodi ya Arduino inayoelewa lugha ya hilo tundu. Inapokea namba, inawasha mota mbili zenye betri zao. 1 ni mbele, 2 ni geuka kulia, 0 ni simama. Programu yenyewe ni mistari michache tu: nenda sekunde 2, geuka, rudia mara 4. Mraba.

Asubuhi mraba ulitoka safi juu ya sakafu ya saruji. Jioni, betri zikiwa zimechoka, kona za nyuzi 90 zilikuwa zimepungua zikawa kama 70, na roboti ikaishia chini ya kitanda. Programu haikuwa imebadilika hata herufi moja. Shida ni kwamba muda si pembe. Ukitaka pembe, gurudumu lazima lihesabu mizunguko yake, na kalkuleta isome hesabu hiyo kwa Get( kabla ya kuagiza tena. Somo hilo lilikuwa kwenye silabasi ya mwaka wa tatu, mwaka ambao sikuufikia.

Mama huuliza, "Na hako kagari katalipa kodi?"

Hakalipi, Mama. Kodi inalipwa na makala ninazowaandikia watu, nyingi bila jina langu. Lakini sensa mbili za magurudumu nimeshanunua. Huo mwaka wa tatu nitausomea hapa sakafuni.