Hesabu Madoa

Jirani yetu Loitokitok huniita daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenilemea, lakini Mama hajamwambia mtu. Kwa majirani bado niko Nairobi, nasomea wanyama. Ukweli ni kwamba niko Kitengela, naandika makala na kulipwa zikichapishwa. Kama zikichapishwa.

Desemba iliyopita binti wa jirani alinijia na simu. Kazi ya likizo: piga picha wadudu watano, andika majina yao.

"Anko, huyu anaitwaje?"

Kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele nyeusi, zenye vidoa vyeupe. Sikufikiria hata sekunde. Danaus chrysippus. Akaandika kwa wino. Mama akatabasamu.

Usiku usingizi ulikataa. Picha alikuwa amenitumia, nikaikuza. Danaus ana madoa meusi katikati ya bawa la nyuma: dume manne, jike matatu. Huyu alikuwa na moja tu, karibu na ukingo wa juu. Basi ni Hypolimnas misippus, jike. (Dume wake hafanani naye hata kidogo: mweusi, mwenye mabaka makubwa meupe.)

Kiwavi wa Danaus hula magugu yenye utomvu mweupe, na sumu yake hubaki mwilini hadi anapoota mabawa. Ndege akimwonja mara moja, anatapika, na hasahau. Misippus hana sumu hiyo. Anaishi kwa nguo tu. Na ni fundi kweli: huku kwetu kuna Danaus wasio na ncha nyeusi, waitwao dorippus, na misippus naye ana majike wa mtindo huohuo. Linnaeus, ambaye alikuwa daktari wa kweli, aliwapa wote wawili majina, mwaka 1758 na 1764.

Asubuhi nilivuka ua. Mama alikuwa anafagia upande wa pili, anasikia kila kitu.

"Nilikosea jina," nikamwambia msichana.

"Kumbe madaktari pia hukosea?"

"Mimi si daktari. Chuo niliacha."

Akanitazama. "Sasa umejuaje?"

"Nimehesabu madoa."

Akatoa simu, akaikuza picha, akaanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole. Nyuma yangu ufagio ulikuwa umenyamaza. Halafu ukaendelea, palepale palipokuwa pameshafagiliwa.