Fuata Maji, Usifuate Doa

Wete, Pemba

Mpwa wangu mpenzi,

Huku masika yametushika.

Habari za mtoto zimenifika: akilala chumba cha uani anakohoa usiku kucha na kifua kinapiga mluzi, akienda kwa bibi yake Bububu anatulia, na ukuta wa nyuma ya kitanda umeota madoa meusi. Unashuku ukungu, na huenda umepatia. Lakini usianze na ukuta. Anza na mtoto.

Mpeleke hospitali, na umweleze daktari hilo la Bububu, maana hakuna kipimo kitakachomwonesha. Ukungu huamsha pumu na mzio. Hata hivyo, kikohozi kilichopita wiki mbili hakiachwi bila kuchunguzwa kifua kikuu, na moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma na udi vyote huchokoza kifua. Udi uweke kabatini kwa sasa. Jifunze pia kuhesabu pumzi zake akiwa ametulia: mtoto wa miaka miwili akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au chini ya mbavu pakabonyea kila avutapo, usingoje kukuche.

Sasa ukuta. Nimezeeka na mwiko mkononi, nyumba za Mji Mkongwe nazijua. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta hunywa maji ya ardhini, kisha chokaa huyatoa taratibu. Waliokuja baadaye wakazikandika saruji na kuzipaka rangi ya mafuta. Maji yakakosa pa kutokea, yakabaki ukutani. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kumvika kanzu mwenye upele: utaona usafi, na yeye ataendelea kujikuna.

Ukiona unga mweupe, uguse kwa kidole kibichi. Ukiyeyuka ni chumvi ya ukuta, si ukungu, ingawa nayo inakwambia kuna maji. Madoa meusi au ya kijani yenye uvundo, huo ndio ukungu. Usitoe fedha kupimisha ni wa aina gani. Aina zote huacha kuota pakikauka.

Basi yatafute maji. Doa likianzia sakafuni, yanapanda kutoka ardhini. Likishuka kutoka juu, tazama paa, au choo cha ghorofani. Likijificha kwenye kona na nyuma ya kabati tu, hewa haitembei: sogeza kitanda na kabati mbali na ukuta, fungua madirisha yanayotazamana jua likitoka, na nguo mbichi usizianike chumbani.

Siku ya kusugua, mtoto asiwepo. Vaa glavu na barakoa, tumia maji na sabuni, kisha ukaushe vizuri. Dawa ya kung'arisha nguo si lazima. Ukiitumia, usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, hutoa hewa ya sumu. Godoro lililoota ukungu litupwe. Doa likizidi mita moja ya mraba, mwachie fundi.

Kwa mwenye nyumba nenda na picha zenye tarehe na karatasi za daktari. Mtake abandue saruji ya ukuta ule, arudishe chokaa. Mkikubaliana gharama zikatwe kwenye kodi, yaandikwe, na sheha ashuhudie. Akikataa, tafuta pengine. Kodi uliyotanguliza isikufunge mahali mtoto hapumui.

Usiku wa leo alale chumba cha mbele. Mwenye nyumba akikubali, chokaa ianze kuloweshwa mara moja, kwani ikikaa ndiyo inalainika. Nitavuka mvua zikiisha, kuta zikiwa zimekauka, tuipige pamoja na fundi wako.

Wasalaam,
Mjomba wako