Mnyonge Atangulie

Mwaka 2016 tulivuka Ziwa Kivu kutoka Bukavu mpaka Goma, marafiki wanne, ili tupande Nyiragongo. Ule mlima una urefu wa meta 3.470, na njia yake inaanzia Kibati. Kwanza ni msitu. Kisha ni mawe meusi ya moto wa zamani, yanateleza chini ya viatu kama mawe ya machimbo. Mwishoni mlima unasimama wima, na baridi inaingia mpaka mifupani.

Mwenzetu mumoja, mzee wa kanisa, akaishiwa pumzi. Giza lilikaribia, wenye nguvu wakatamani kutangulia. Lakini muongozaji akakata maneno: «Huyu baba atakwenda mbele. Ninyi wote mutamufuata.» Basi mwendo wake ukawa wetu. Tukafika wote wanne, tukaona ziwa la moto linachemka ndani ya shimo, na taa za Goma kule chini.

Ule moto ulishuka tarehe 17 Januari 2002, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulishuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku kama hiyo mwenye mbio anaokoka. Lakini nani atamushika nyanya mukono?

Yakobo naye alikataa kwenda mbio na Esau, kwa ajili ya watoto na wanyama wachanga (Mwanzo 33).

Vijana, nyumbani kwenu nani anahema nyuma? Mumuweke mbele.