Kabla Hujang'oa Dishi la Mzee

Wasee, kuna kitu tunafanyia wazazi wetu halafu tunakiita msaada. Unafika nyumbani wikendi, unaangalia lile dishi lenye kutu juu ya mabati, unacheka, kisha unasema: "Mzee, toa hiyo kitu. Weka waifai." Wiki mbili baadaye dishi liko chini, TV mpya iko ukutani, na mzee hajui tena habari za saa moja ziko wapi.

Mimi nasema tupunguze mbio. Sio ati napenda vitu vya kitambo. Mwaka huu nimesimamia kazi hii kwetu Thika, kwa nyumba na kwa gereji ya gari iliyojengwa peke yake nyuma ya nyumba, na nikaona swali la kwanza si "tununue nini?" Swali la kwanza ni "nani anatazama nini, na anawasha vipi?"

Tuanze na dishi lenyewe, juu wengi wetu tumelikuta tu kwa paa na hatujui lilifikaje. DStv ilianza Kenya miaka ya 1990. Miaka hiyo dishi halikuwa chombo tu, lilikuwa tangazo. Lilisema hapa kuna mtu amejipanga. Mwaka wa 2007 ikaja GTV na mpira wa Uingereza kwa bei nafuu, watu wakajaa, halafu Januari 2009 ikafunga ghafla na kuacha wateja na dishi zisizo na kazi. Kisha ikaja ile vita ya dijitali. Mitambo ya analogi ya Nairobi na viunga vyake ilipangiwa kuzimwa tarehe 31 Desemba 2014, na Februari 2015 Citizen, NTV na KTN zikapotea hewani kwa wiki kadhaa. Kama ulikuwa shule ya msingi wakati huo, unakumbuka vile nyumba zilikuwa kimya.

Kwa hivyo mzee akishikilia dishi lake, usidhani ni ushamba. Huyu ni mtu ameona kampuni zikija na kufunga, ameambiwa anunue dekoda hii, kisha ile, na kila mara aliyemwambia "hii ndiyo ya kisasa" ndiye aliyekuwa anauza. Ana haki ya kushuku.

Kwetu shida ilikuwa hivi. Dishi moja juu ya nyumba, dekoda moja sebuleni, na kebo nyingine imepita juu ya ua, ikafungwa kwa mparachichi, hadi gereji kwa dekoda ya pili. Hiyo gereji haijaona gari kwa miaka. Mzee anatengeneza pampu za maji huko, na jioni wazee wenzake wawili watatu wanakuja wanakaa. Wao wanaiita ofisi. Sasa, picha ilikuwa inakatika katika. Ikiwaka vizuri kwa nyumba, gereji inasema hakuna mawimbi. Duka moja mjini likatupigia hesabu ya kila kitu kipya: dishi, dekoda mbili, TV mbili. Mzee alisoma hiyo karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni bila kusema neno. Ukijua babangu, hiyo ni "hapana".

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kwa boma letu nimekuwa fundi wa kila kitu chenye waya, hata kama kazi yangu ni kutengeneza video. Mathe akanipigia Ruiru: "Kuja uangalie hii kitu kabla baba yako hajanunua redio." Nikaita fundi wa mtaa anayejua dishi kweli, tukapanda juu.

Hapa ndipo nataka usikilize, juu itakuokolea pesa. Setilaiti inayotumiwa na DStv huku kwetu iko juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Thika iko nyuzi 37 mashariki hivi, na ikweta haiko mbali. Maana yake hiyo setilaiti iko karibu juu ya utosi wetu. Ndiyo maana dishi za huku zimelala chali kama sufuria, zinakusanya majani na maji ya mvua. Na kumbuka, Machi 2024 setilaiti mpya, Eutelsat 36D, ilirushwa ili ichukue nafasi ya 36B mahali pale pale. Yaani hata kule juu wanabadilisha chombo kizima na dishi la jirani yako halihitaji kuguswa.

Dishi ni bati lililopindwa vizuri. Halina programu wala halizeeki kama simu. Kinachokufa ni vitu vidogo: LNB, kile kichwa kinachotazama dishi, maji yakiingia, kebo ikipasuliwa na jua, na ile nati ndogo ya mwisho wa kebo ikishika kutu. Yetu fundi aliifungua ikamwaga maji. Mawimbi yametembea kilomita 36,000 angani bila shida, halafu yakakwama kwa nati ya bei ya mandazi.

Na gereji? Hapo kuna siri ambayo mafundi wa haraka hawakuambii. Mtu alikuwa ameweka splita ya kawaida, kebo moja kutoka kwa LNB ikagawanywa mara mbili. Kwa dishi hiyo haifanyi kazi vizuri, kwa sababu dekoda haipokei tu, inaamrisha. Inatuma volti 13 au 18 kupitia kebo kuiambia LNB ishike upande gani wa mawimbi. Dekoda mbili kwa kebo moja ni kama watu wawili kwa rimoti moja: huyu anavuta kule, yule huku. Ukitaka TV mbili kwa dishi moja, unahitaji LNB yenye midomo miwili na kebo mbili, kila dekoda na yake. Kwa miaka mzee alikuwa akiambiwa dekoda yake ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inagombana na ya mathe.

Lakini kabla ya kununua hata nati, nilimwomba mathe abandike karatasi kwa friji. Wiki mbili, kila mtu aandike alichotazama. Mathe: Inooro, habari, na ibada ya kanisa lake kwa YouTube kupitia simu ya ndugu yangu mdogo. Ndugu yangu: simu, simu, simu. Mzee: habari za saa moja, habari za saa tatu, na mpira wikendi akiwa gereji na wenzake. Kwisha. Chaneli zaidi ya mia moja zinalipiwa kila mwezi, zinazotazamwa ni tano, na nne kati ya hizo ni za bure.

Ndiyo, za bure. Citizen, KBC, NTV, KTN, Inooro, zote unapata kwa antena ya kawaida. TV nyingi mpya zina kipokezi cha dijitali ndani, na ya zamani inahitaji kadekoda kadogo unakonunua mara moja. Kuna familia nyingi zinalipa kila mwezi ili kuona habari ambazo zinapita juu ya paa lao bure.

Basi tukafanya hivi. Antena ikafungwa kwa ile nguzo ya zamani ya dishi, ikaelekezwa Limuru, kule mitambo ya kurushia iko. Hiyo ndiyo unaweza kugawa kwa splita bila vita, juu antena haiamrishwi na mtu. Kebo ya ndani ya nyumba ilikuwa bado nzima, tukakata tu ncha zilizooza na kuweka nati mpya. Ile ya mparachichi tukaitoa. Mpya zikapita ardhini ndani ya bomba la plastiki: kebo ya antena, na kando yake kebo ya intaneti. Usijaribu kurusha waifai kutoka sebuleni hadi gereji iliyojengwa kwa mawe ya Ndarugo na kuezekwa mabati, utalia. Waya wa mita 25 hauna matatizo hayo. Na ngurumo zikianza, chomoa vyote pande zote mbili, juu kebo inayounganisha majengo mawili inaweza kuleta umeme wa radi kwa TV.

Dishi halikutupwa. Tulilihamisha. Sasa liko juu ya gereji, na LNB mpya, kebo fupi, na dekoda moja tu. Mzee analipia miezi ya ligi, Agosti hadi Mei, akitaka. Juni na Julai anaacha. Dekoda ya sebuleni ikapumzika. Bei ya kila kitu, pamoja na fundi, haikufika hata robo ya ile karatasi ya duka.

Sasa nije Ruiru, nikuonyeshe upande wa pili. Ninapokaa, ploti za ghorofa zina dishi kwa kila balkoni, na nusu hazijaunganishwa na kitu. Mpangaji anahama, dishi linabaki, mwingine anakuja na lake. Halafu faiba ikaingia, wakala anabisha kila mlango. Jirani yangu, kijana wa rika letu, alifurahia hiyo faiba hadi akaenda kumwekea shosho yake huko karibu na Kimbo. Akatoa dishi na antena, akaweka smart TV na app za kila aina. Kitu safi. Shosho akikaa kuona habari, TV inaitisha apdeti. Akibonyeza vibaya, inamuuliza nywila. Intaneti ikiisha tarehe 5, skrini ni nyeusi hadi mtu amtumie pesa. Siku hizi anangoja watoto watoke shule ndio wamwashie. Mtu aliyewasha TV yake mwenyewe miaka yote hiyo sasa anaomba ruhusa kwa mtoto wa darasa la nne.

Hiyo ndiyo inaniuma. Tunafikiri tunawaletea wazazi dunia, kumbe tunawanyang'anya kitufe. Kwa mtu wa miaka sabini, kubonyeza rimoti na kuona habari saa moja kamili bila kumuita mtu ni uhuru. Usimpokonye ili sebule ionekane fiti kwa status yako.

Sipingi faiba. Naishi kwayo, na mathe sasa anaona ibada kwa skrini kubwa. Napinga ile tabia ya kufagia kila kitu kwa sababu kimezeeka machoni petu. Zamani na mbovu ni vitu viwili tofauti.

Kuna hili pia. Kinachong'olewa kinaenda wapi? Dishi ni chuma, mtu wa skrepa atachukua kwa furaha. Dekoda ni shida. Ndani kuna bodi yenye risasi na takataka zingine ambazo hutaki zichomwe nyuma ya ploti. Dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa vizuri. Kenya ina sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inayotaka watengenezaji na waagizaji wabebe mzigo wa bidhaa zao zikichakaa, na kuna WEEE Centre jijini Nairobi wanaopokea vitu hivi. Dekoda tatu za zamani za kwetu ziko kwa gunia, zinangoja safari yangu ijayo ya mjini.

Kama unafikiria kufanya hii kazi kwenu, chukua kipimo kimoja kutoka kwangu. Kwa ukuta wa gereji nimebandika karatasi. Washa TV. Bonyeza namba ya chaneli. Mpira: bonyeza kitufe chekundu cha rimoti ndogo, ile niliyofunga ulimi wa plastiki. Picha ikipotea, ngoja mvua iishe. Mistari minne, kwa herufi kubwa. Mzee aliisoma mara moja, akasema, "Sawa, kijana," akarudi kwa pampu yake. Tangu siku hiyo hajanipigia simu ya TV hata moja. Ananipigia kwa mambo mengine.

Ukiweza kuandika jinsi ya kutumia mfumo wako mpya kwa mistari minne, umemwekea mzazi wako. Ukihitaji ukurasa mzima, umejiwekea wewe, na yeye atakuwa mgeni kwa nyumba yake. Wikendi hii ukishuka stage ya kwenu, usipande paa kwanza. Kaa chini, muulize mzee anatazama nini.