Mwaka si jina

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea kompyuta ya Commodore 64 aliyorudi nayo kutoka masomoni Uingereza miaka ya 1980. Ukiiwasha, kioo cha televisheni kinabaki cheusi tii. "Mwanangu," aliniambia, "usiitupe. Hii ndiyo iliyonifungua macho."

Nilizigusa chipu moja moja kwa kidole. Moja ndogo, ya miguu 16, ilikuwa ya moto kuliko wenzake. Mgongoni ilibeba namba mbili: 7708, na chini yake 3384. Fundi yeyote anajua kwamba tarakimu nne mara nyingi ni mwaka na wiki ya kutengenezwa. Nikajiambia 7708 ni wiki ya 8 ya mwaka 1977, kwa hiyo jina ni 3384. Siku tatu nilizunguka maduka ya vipuri nikiulizia 3384. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Siku ya nne nilifungua mchoro wa saketi, nikaacha kusoma mgongo wa chipu, nikafuata njia zinazoingia na kutoka kwenye miguu yake. Mchoro uliniambia ni 74LS257, swichi inayochagua anwani ipi ipelekwe kwenye kumbukumbu. MOS Technology, kiwanda cha Commodore yenyewe, kilikuwa kimeipa chipu hiyo namba yake: 7708. Tarehe ilikuwa 3384, wiki ya 33 ya mwaka 1984. Na 74LS257 ilikuwepo kwenye droo ya duka la kwanza nililoingia.

Jambo hilo lilinichoma, kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimemkatalia mama mmoja aliyetaka kujifunza ufundi. Nilimuuliza umri, akasema 47, nikamwambia amechelewa. Sikumuuliza mikono yake imezoea kazi gani. Nilimsoma mwaka, nikadhani nimemsoma jina.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Kumbe ametengeneza cherehani miaka 20. Ndiye aliyeitoa chipu ile bila kubandua hata njia moja ya ubao, akachomelea soketi, akapachika mpya huku akihakikisha pengo lake la pembeni limeelekea upande uleule lilikoelekea la ile ya zamani. Tulipowasha, kioo kiligeuka samawati, na namba 38911 ikatokea juu, hesabu ya baiti zilizo huru.

Siku hizi mtu akiingia karakanani, swali langu la kwanza ni moja: mikono yako inajua nini?