Tiketi ya Meli: Nunua kwa Akili

Ukifika Mwanza utauona Mto Mirongo. Unapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Viktoria. Kutoka kata ya Mirongo hadi bandarini si mbali. Kama mzigo wako ni mwepesi, tembea. Hapo umeokoa nauli ya kwanza.

Ukitaka kwenda Bukoba, fika bandarini mapema. Nenda dirishani mwenyewe. Usimpe fedha mtu anayekufuata njiani. Uliza bei ya kila daraja. Safari ni ya usiku kucha. Ukiwa na mgonjwa au watoto, lipia kitanda. Ukiwa peke yako na blanketi lako, daraja la tatu linatosha. Uliza pia nauli ya mzigo kabla hujanunua gunia la dagaa. Faida yote yaweza kuishia melini.

Dai tiketi, uisome. Tazama tarehe na fedha uliyolipa. Hakikisha jina lako limeandikwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilizama karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, usipande. Ngoja kingine. Nauli hutafutwa tena, uhai hautafutwi.