Akiba Haiozi, Lakini Yataka Kukaguliwa



Tarakilishi zinazoendeshwa na Windows zina hazina ndogo ambayo familia nyingi huitegemea bila ya kuiona. Tangu mwaka wa 2000, ilipotolewa Windows Me, mashine hizi zimepewa uwezo wa kuweka alama za marejeo. Alama hiyo ni kumbukumbu ya hali ya mfumo wa mashine siku fulani, ili programu mpya ikiuvuruga, mwenye nyumba aurudishe kama ulivyokuwa jana au juma lililopita. Neema hiyo ina masharti, na sisi tumeyajua tukiwa mbali na pwani, hapa Sigowet katika Kaunti ya Kericho, ambako usiku hatuna fundi wa kumwita.

Hii ni nchi ya chai. Alasiri nyingi mawingu hujikusanya, radi ikapiga, mvua ya mawe ikaangukia mashamba, na umeme ukakatika. Jioni moja ya namna hiyo ulikatika ilhali tarakilishi yetu ya mezani imo katikati ya kupokea sasisho. Uliporudi, mashine iliwaka, ikazimika, ikawaka tena, isifike popote. Ndani yake mlikuwa na hesabu za chama cha akina mama, michango ya mwaka mzima, pamoja na sauti ya marehemu bibi yetu akiwataja wazee wa ukoo mmoja baada ya mmoja, tuliyoirekodi Lamu kabla hajatangulia mbele ya haki. Watoto wakauliza, "Na sauti ya bibi nayo imepotea?" Hatukuwa na jibu la kuwapa.

Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo tulichagua kurudi kwenye alama ya marejeo, nayo mashine ikatujibu kwamba hakuna hata moja. Katika ukurasa huohuo mna njia nyingine, ya kuondoa sasisho la mwisho. Tuliifuata, tukasubiri kwa muda mrefu, hatimaye mashine ikafunguka. Alhamdulillahi, hapakupotea faili hata moja.

Ndipo tukaitafuta sababu. Katika kisanduku cha kutafutia tuliandika maneno "restore point", likafunguka dirisha la ulinzi wa mfumo lenye orodha ya diski. Mbele ya diski ya C paliandikwa Off. Ulinzi ulikuwa umezimwa tangu mashine ilipoingia nyumbani, na mambo ndivyo yalivyo katika tarakilishi nyingi za Windows 10. Palipozimwa ulinzi, hapana alama inayowekwa.

Hata ulinzi ukiwashwa, alama zaweza kutoweka kwa njia nyingine. Nafasi iliyotengwa ikijaa, za zamani hufutwa ili kupisha mpya. Mwenye kuzima ulinzi kwa muda huzifuta zote. Mwenye kusafisha diski ili apate nafasi aweza kuziondoa zote isipokuwa ya mwisho. Na katika Windows 11 toleo la 24H2, tangu sasisho la Juni 2025, alama haidumu zaidi ya siku 60. Basi aliyeziona zipo Ramadhani asidhani atazikuta Idi ya kuchinja.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni hili: alama ya marejeo hurudisha mfumo, programu na mipangilio. Haihifadhi picha, barua wala sauti. Tena alama zenyewe hukaa ndani ya mashine ileile. Diski ikifa, nazo hufa. Lau tungekuwa na alama kumi, na faili la sauti ya bibi likafutwa, hakuna hata moja ambayo ingeturudishia. Tarakilishi moja ina amana mbili, ya afya ya mashine na ya vilivyomo, na kila moja yataka mlinzi wake.

Dini yetu haikuliacha jambo la kutunza kumbukumbu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Na kurasa za Qur'ani zilizokusanywa na Zayd bin Thabit zama za Abubakar Swiddiq, zilihifadhiwa hatimaye na mwanamke, Bibi Hafsa binti Umar. Sayyidna Uthman alipotaka kunakili misahafu, aliziazima kwake, kisha akamrudishia, na nakala zikapelekwa miji mbalimbali. Hatulinganishi Kitabu kitukufu na mashine zetu. Twajifunza adabu tu: kwamba amana huwa na mtunzaji anayejulikana, na nakala zake hukaa mahali pengi.

Leo ulinzi umewashwa, na tumeutengea asilimia 5 ya diski. Kabla ya kuingiza programu yoyote mpya twaweka alama kwa mkono wetu na kuipa jina. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya chakula cha mchana, twafungua orodha na kuhakikisha alama zipo. Sauti ya bibi na hesabu za chama zimenakiliwa katika flashi mbili: moja iko hapa, ya pili ameihifadhi shangazi Mombasa, ambako radi ya Kericho haifiki. Daftari la chama nalo laendelea kuandikwa kwa kalamu, na kila mama hutia saini mbele ya mchango wake.

Wenzetu mlio na tarakilishi nyumbani, tazameni dirisha hilo leo mashine ikiwa nzima, kisha mmuulize mzee wa nyumba ni sauti gani na karatasi gani ambazo hangependa zipotee. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wema wa tulichoaminiwa. Wabillahi tawfiq.